Mabosi wa gesi wanapozungumza na Oslo, wazungumze na Lindi pia

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi mmoja ameandika gazetini mwako kwamba mwekezaji wa nishati huangalia mambo mawili: gesi iliyopo na kodi atakayolipa. Sisi wa Lindi, ambao tumesikia habari za LNG, yaani mradi wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, uliopangwa kujengwa Likong'o hapa kwetu, kwa zaidi ya miaka kumi, tunajua lipo la tatu: kauli za bosi.

Chukua kampuni ya mafuta ya Shell, wenye vitalu namba 1 na 4, yaani maeneo ya kutafutia gesi, katika bahari yetu. Januari 9, 2004 walitangaza kwamba mapipa bilioni 3.9 ya mafuta na gesi, karibu asilimia 20 ya akiba waliyokuwa wakiihesabu kuwa imethibitishwa, hayakustahili kuitwa hivyo. Hisa zikaporomoka siku hiyohiyo. Kilichowaudhi zaidi wanahisa ni kwamba mwenyekiti, Philip Watts, hakutokea kuwaeleza. Aliwaachia walio chini yake. Machi akang'oka. Baadaye ikafichuka kwamba mkuu wa utafutaji na uzalishaji alimwandikia Watts Novemba 2003 kuwa amechoshwa na kudanganya kuhusu akiba hizo. Mafuta yenyewe yalikuwa palepale chini ya ardhi, hayakupungua hata pipa. Imani ndiyo iliyopungua, na kampuni ikalipa faini ya dola milioni 120 Marekani, Uingereza nako wakatoza yao.

Watasema hayo ni ya zamani. Sawa, tuje kwenye ya juzi.

Januari 2021 Equinor ya Norway ilitangaza kuwa imefuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982, thamani ya mradi wake wa Tanzania, kwa kuwa haukuwa na ushindani wa kutosha mbele ya miradi yake mingine. Habari mbaya, lakini ilikuja na tarakimu na sababu, na ilitoka kwa wenyewe. Mwanahisa wa Oslo, kwenye soko la hisa, aliweza kuamua asubuhi ileile auze au avumilie. Mimi nawasifu kwa hilo.

Huku kwetu habari hiyo tuliiokoteza vijiweni. Na mwenye nyumba ya wageni aliyejenga kwa mkopo wa benki akitegemea wageni wa mradi, yeye si mwekezaji? Aliyenunua kiwanja kwa bei ya ajabu kuelekea Likong'o je? Hawa hawana mchambuzi wa kumpigia simu. Mei 2023 tukaambiwa majadiliano ya mkataba wa mradi huo, kati ya serikali na kampuni, yamekamilika. Mwaka ukaisha bila saini, na uliofuata pia, huku marejesho ya benki hayasubiri.

Nakubali, sheria za masoko ya hisa zinakataza kumwambia mmoja kabla ya mwingine. Hatuombi kutangulizwa. Tunaomba tusiwe wa mwisho.

Tena watu wa mikoa hii habari mbaya hawaiogopi. Kwenye mnada wa korosho bei husomwa mbele ya mkulima, naye hukubali au hukataa. Mwaka 2018 wa Tandahimba na Newala walikataa. Lakini hakuna aliyesahau Mtwara Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma na watu kuthibitishiwa kwamba gesi itakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Watu walikufa, mali zikachomwa. Mwekezaji gani alinufaika na fukuto lile?

Ombi langu kwa kampuni zenye vitalu baharini, na kwa zile za maeneo ya gesi ya Mnazi Bay na Ntorya kule Mtwara, ni hili: siku taarifa inapopelekwa soko la hisa, itolewe pia kwa Kiswahili, ikiwa na tarakimu zilezile, na isomwe hapa na mtu mwenye mamlaka ya kujibu maswali. Siyo kijana wa mahusiano aliyetumwa na katoni ya tisheti.

Msomaji wako,
Mtanda, Lindi