Dawa ya Ebola ikae kwa wagonjwa, sio kwenye stoo ya mbali

Mhariri,

Naomba kaupenyo kwenye safu ya barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Mpaka leo nasikia watu, tena waliosoma, wanasema Ebola haina dawa. Jamani ipo! Ziko mbili, zote za kingamwili (zile chembe za kinga zinazokamata virusi mwilini), na zilijaribiwa hapo Kongo kwenye ule mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020 ulioua watu 2,287. Kwenye majaribio, waliopewa hizo dawa walikufa kama 35 kwa kila 100, na waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini walikufa kama 10 tu. (Ni kwa Ebola ya aina ya Zaire lakini, ile ya Sudan iliyopiga Uganda haimo.)

Sasa moja ya hizo, mAb114, imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit 1995, na hapo ndo panaponiuma. Damu ya Wakongo, wagonjwa waliokubali kujaribiwa Wakongo, profesa Muyembe, mtaalamu wao wa virusi, yumo tangu mwanzo, alafu dawa ilipopita mzigo mkubwa ukaenda kuwekwa akiba Marekani, wanaogopa Ebola isije ikageuzwa silaha. Sawa, hela nyingi za utafiti walitoa wao, sibishi, ila mgonjwa yuko wapi?

Yuko Bulape. 2025 kule Kasai mgonjwa wa kwanza kujulikana alilazwa 20 Agosti, mlipuko ukatangazwa 4 Septemba, hizo ni wiki mbili zimeshakwenda na ndo kwanza dawa ianze kutafutiwa usafiri. Ilifika, lazima niseme ukweli, na kuna waliopona. Lakini mpaka mlipuko unaisha Desemba walikuwa wameugua watu 64 na 45 wamezikwa, na huu ni ugonjwa ambao kila siku unayokaa na homa nyumbani kabla ya kwenda hospitali inakuongezea hatari ya kufa. Tena ulikuwa mlipuko wa 16 wa Kongo, wa 16! Kitu kimekuja mara zote hizo bado kila kikija tunakimbizana kama mgeni ambaye hakupiga hodi.

Na kuitoa yenyewe hakuna maajabu. mAb114 ni unga ndani ya kichupa, nesi anaweka maji ya sindano anazungusha taratibu bila kutikisa, inaingia kwa dripu kama saa moja, mara moja basi. Mtu wa kilo 60 anamaliza vichupa 8. Kwa hiyo ninachoomba ni vichupa vikae Kongo kwenyewe, sio Kinshasa tu bali na kwenye mikoa ambayo ugonjwa unarudi rudi, na manesi wa huko wafundishwe kabla, sio siku ya tangazo.

Najua kuna atakayesema friji ziko wapi huko vijijini. Chanjo ya Ebola inataka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na kwenye ule mlipuko wa Kivu ilifikishwa mpaka vijiji vya Beni, wakachanjwa watu zaidi ya 300,000. Hii dawa inataka nyuzi 2 mpaka 8, friji ile ile ya chanjo za watoto.

Msomaji wenu wa kila siku