Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nembo za Vileo kwenye Jezi za Watoto

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wazazi na makocha wa timu za vijana, naomba kuwasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka unaomalizika. Mkutano mkuu uliopita uliiagiza Kamati Tendaji itangulize suala moja kabla ya mengine yote, yaani nembo za vileo kwenye jezi za mashabiki zinazotengenezwa kwa saizi za watoto, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu suala hilo. Mambo ya fedha na uongozi nitayagusa kwa kifupi tu, kwa kuwa Mweka Hazina na Katibu watayatolea maelezo yao.

Nianze na swali ambalo baadhi yenu mliliuliza, na mlikuwa na haki ya kuliuliza: kwa nini jezi, wakati matangazo ya bia yamejaa kwenye televisheni, kwenye mabango ya kando ya uwanja na kwenye simu? Kamati ililijadili kwa kirefu. Bango lina mwenyewe, na mtoto hulipita akaenda zake. Jezi ni mali yake, anaivaa mazoezini na mtaani, anatokea nayo kwenye picha za familia, na ikimbana anairithi mdogo wake. Fedha iliyoinunua imetoka mfukoni mwa mzazi, tena si fedha ndogo, ilhali tangazo lililo kifuani ni la mfanyabiashara ambaye sheria za nchi nyingi zinamzuia kumuuzia mtoto huyo bidhaa yake. Isitoshe, mapenzi ya klabu huanza utotoni na kwa wengi hayabadiliki hadi uzeeni. Kampuni inayoweka jina lake jirani na nembo ya klabu inanunua sehemu ya mapenzi hayo, na wanaouza udhamini wanalifahamu hilo vizuri kuliko sisi.

Jezi na vileo wamefuatana tangu mwanzo wa biashara hii. Mwaka 1973 klabu ya Eintracht Braunschweig ya Ujerumani ilikuwa ya kwanza katika Bundesliga kuvaa jina la mdhamini, na mdhamini huyo alikuwa mtengenezaji wa kileo cha Jägermeister. Shirikisho la soka la nchi hiyo lilipokataa matangazo kifuani, klabu iliondoa simba aliyekuwa kwenye nembo yake na kumweka kulungu wa Jägermeister, ili tangazo lipite kwa jina la nembo ya klabu. Shirikisho likasalimu amri. Naomba mzingatie kwamba waliopiga kura ya kumwondoa simba ni wanachama wa klabu, watu wenye kadi kama sisi, na sidhani kama walikuwa wabaya. Klabu ilikuwa na shida ya fedha na mtu alikuja na fedha.

Mfano uliotusaidia zaidi mwaka huu ni wa Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili lilikwisha kujaribiwa na matokeo yake yanaonekana. Liverpool ilivaa jina la Carlsberg kuanzia 1992 hadi 2010, Everton ikavaa Chang kuanzia 2004 hadi 2017, na mahasimu wawili wa Glasgow, Celtic na Rangers, walivaa Carling kwa pamoja kuanzia 2003, kisha Tennent's kuanzia 2010, yote yakiwa majina ya bia. Kwa miaka mingi jezi ya mtoto wa miaka mitano ilikuwa na maandishi yaleyale ya jezi ya nahodha. Kuanzia mwaka 2008 kanuni za Portman Group, chombo kilichoanzishwa na watengenezaji wa vileo wenyewe ili kujidhibiti, zilizuia majina ya vileo kwenye jezi za watoto kwa mikataba mipya, huku mikataba iliyokwisha kusainiwa ikiachwa imalize muda wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni za kamari za nchi hiyo zilikuwa zimejiwekea kanuni inayofanana na hiyo.

Tulipopeleka kwa wahusika pendekezo letu la kuondoa majina ya vileo kwenye jezi za watoto, hofu iliyorudiwa kuliko zote ni kwamba wadhamini watakimbia. Naomba tuzitazame tarehe nilizotaja. Tennent's walisaini na Celtic na Rangers mwaka 2010, wakati kanuni ikiwa tayari inafanya kazi, na Chang walibaki na Everton kwa karibu miaka kumi baada ya kanuni kuanza. Kampuni ya bia hununua hasa jezi inayoonekana kwenye televisheni, na hiyo haikuguswa. Asiyekubaliana nasi atafute hoja nyingine, kwa sababu hii ya wadhamini kukimbia haina ushahidi.

Hata hivyo kanuni ya kujidhibiti ina mipaka yake, kwani aliyeiandika ndiye anayeitafsiri. Ireland walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya afya ya umma kuhusu vileo ilipitishwa mwaka 2018, na tangu tarehe 12 Novemba 2019 ni kosa kisheria kutengeneza au kuingiza nchini kwa ajili ya kuuza nguo ya mtoto yenye kutangaza kileo. Ufaransa wao, kwa sheria ya mwaka 1991 iliyopewa jina la waziri wa afya wa wakati huo, Claude Évin, walipiga marufuku udhamini wa vileo michezoni kwa jumla, kiasi kwamba mashindano ya raga yaliyojulikana kwingineko kama Heineken Cup yaliitwa H Cup kila yalipofika kwao. Wapo wanachama waliotaka tufuate njia ya Ufaransa mwaka huu huu. Kamati haikukubali, nami nilikuwa upande wa waliokataa: chama chenye ukubwa wetu kikidai kila kitu kwa mara moja hujibiwa kwa barua ya shukrani, na jezi zinabaki zilivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ndilo zao kubwa la kazi ya mwaka huu. Katika kikao kimoja cha kamati tuliweka mezani jezi mbili za klabu moja, za msimu mmoja, moja ikiwa saizi kubwa kuliko zote za watoto na nyingine saizi ndogo ya watu wazima. Ya mtoto haikuwa na jina la bia. Kifua kilikuwa kitupu, na kitambaa chake laini kuliko cha ile nyingine, ambayo maandishi yaliyobandikwa kwa joto yalikuwa yameanza kukunjamana pembeni. Tukazilaza moja juu ya nyingine. Mabegani zilipishana kwa upana wa vidole viwili, na urefu wake ulikuwa karibu sawa. Kilichozitenganisha ni lebo ya ndani ya kola: moja imeandikwa umri, nyingine imeandikwa herufi.

Maana yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na minne aliyerefuka, na hao ni wengi katika timu zetu, anavuka kutoka jezi isiyo na kileo hadi jezi yenye kileo pasipo mtu yeyote kuamua hivyo. Kwa kanuni ya duka, yeye ni mtu mzima kwa sababu ya mabega yake. Mfano wa jinsi mpaka huu unavyowekwa kwa sababu zisizohusu vileo hata kidogo upo Uingereza penyewe, ambako nguo za watoto walio chini ya miaka kumi na minne hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, na kwa hiyo wauzaji wana vipimo rasmi vya kutenganisha nguo ya mtoto na ya mkubwa. Umri wa kununua bia huko ni miaka kumi na minane. Katikati ya kumi na minne na kumi na minane ipo miaka minne, na hiyo ndiyo miaka ambayo vijana wengi huonja kileo kwa mara ya kwanza. Tafiti zilizowafuatilia vijana kwa miaka kadhaa katika nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kuwa wanaokutana zaidi na matangazo ya vileo huelekea kuanza kunywa mapema na kunywa zaidi. Kanuni inayomlinda mtoto wa miaka sita na kumwachia wa miaka kumi na mitano imelinda pasipo na hatari kubwa na kuacha wazi palipo na hatari.

Tulizungumza na viongozi wa klabu na wenye maduka, ambao kwa makubaliano sitawataja. Walitupokea vizuri. Upande wa utengenezaji hakuna aliyesema haiwezekani, kwa sababu jina la mdhamini hubandikwa mwishoni, baada ya jezi kushonwa, na kuliacha ni rahisi kuliko kuliweka. Pingamizi lililotufikirisha lilitoka kwa muuzaji mmoja aliyesema kwamba watoto wenyewe huikataa jezi tupu. Wanasema si ya kweli, maana mchezaji wanayempenda haivai hivyo, na wapo wazazi wanaoamua kununua saizi ndogo ya wakubwa ili mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Sikuona sababu ya kumbishia, kwa sababu naamini anasema alichokiona. Ila ningependa tusikilize vizuri anachokisema: ikiwa mtoto anaona jezi bila jina la bia imepungukiwa kitu, basi jina hilo limekwisha kuwa sehemu ya klabu katika akili yake, na hapo ndipo mdhamini alipotaka kufika. Dawa ya aibu hiyo ni kuwapo kwa jezi isiyo na jina la kileo katika saizi zote, kwa bei ileile na siku ileile ya uzinduzi, ili hata mtu mzima asiyependa kutangaza pombe aweze kuivaa. Jezi hiyo ikivaliwa na wakubwa, hakuna atakayeiita ya kitoto.

Na watu wazima wasiopenda wapo, tena wachezaji wenyewe. Hashim Amla aliichezea timu ya taifa ya kriketi ya Afrika Kusini bila nembo ya bia ya Castle Lager kwenye jezi yake, kwa sababu za dini, na mwaka 2013 Fawad Ahmed aliruhusiwa kuichezea Australia bila nembo ya bia ya VB. Fawad alishambuliwa kwa maneno makali na baadhi ya watu, lakini shirikisho lake lilimlinda na mdhamini akaridhia. Mchezaji wa kimataifa mwenye mkataba aliweza kusema nembo hii siivai. Mtoto hana wa kumwambia isipokuwa mzazi, na mzazi akifika dukani hana cha kuchagua.

Kuna mlango mwingine ambao lazima uzibwe mapema. Kampuni kadhaa za bia siku hizi hudhamini michezo kwa jina la bia isiyo na kileo, kama Heineken 0.0, ambayo rangi yake ya kijani na nyota yake ni zilezile za bia ya kawaida. Kama kanuni itataja kileo peke yake, mwakani jezi za watoto zitarudi na nyota hiyo na tutaambiwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Mwenye shaka atazame mashindano ya raga ya Six Nations yanayodhaminiwa na bia ya Guinness: mechi zikichezwa Ufaransa, mabango yao huandikwa Greatness kwa mtindo uleule wa herufi, na mtazamaji hahitaji kuelezwa ni nani anayezungumza.

Nakiri kwamba suala hili liliwagawa wanachama. Wapo makocha wa klabu ndogo ambazo mipira yao, nyavu zao na nauli za safari zimelipwa na kiwanda cha bia, na waliniambia wazi kuwa ni rahisi kuwa na msimamo pale mwingine anapolipa. Wana hoja. Kwa sababu hiyo pendekezo letu halimgusi mdhamini wa klabu ya watu wazima, isipokuwa kile kinachouzwa au kugawiwa kwa walio chini ya miaka kumi na minane. Binafsi ninalichukulia kama hatua ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe kwa mwaka 2019, linazishauri nchi zizuie matangazo na udhamini wa vileo kwa upana zaidi kuliko tunavyothubutu sisi.

Kuhusu fedha, ada za uanachama zimetosha kugharimia vikao na mawasiliano, na chama hakikupokea msaada wowote kutoka kampuni za vileo, za kamari wala klabu tulizozungumza nazo. Kuhusu uongozi, nafasi za wajumbe wa kamati wanaomaliza muda wao zitajazwa kwa uchaguzi kama ilivyo kwenye katiba.

Azimio litakalowekwa mbele ya mkutano mkuu lina vipengele vitatu: kwamba chama kiombe mamlaka za michezo kuzuia majina, nembo na mitindo ya maandishi inayotambulisha kampuni za vileo, zikiwamo za bia zisizo na kileo, kwenye mavazi yote yanayogawiwa au kuuzwa kwa walio chini ya miaka kumi na minane, kwamba saizi ndogo za watu wazima zihesabiwe kuwa ni za vijana kwa madhumuni ya kanuni hiyo, na kwamba kila klabu yenye mdhamini wa aina hiyo iuze jezi isiyo na jina lake katika saizi zote kwa bei isiyozidi ile nyingine. Kipengele cha pili ndicho chenye ubishi zaidi, na kamati imekubali kipigiwe kura peke yake. Wanaotaka kukirekebisha wampe Katibu maneno wanayopendekeza kwa maandishi, kabla ajenda haijafungwa, ili wanachama wote wayasome kabla ya kuingia ukumbini.

Mwenyekiti,
Kwa niaba ya Kamati Tendaji