Kabla ya kukata tiketi, ulizia karatasi ya milimita

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu watu wanaosafiri nchi za nje kufanyiwa upasuaji wa makengeza. Sina kinyongo na furaha ya mtu aliyeanza ukubwani kutazamana na wenzake uso kwa uso bila kuinamisha kichwa. Ninalolalamikia ni kwamba habari yenyewe imekatikia uwanja wa ndege: mgonjwa amekwenda, amepasuliwa, amerudi, basi. Sisi wauguzi wa kliniki za macho tunakutana naye kuanzia hapo, tukitafuta karatasi inayosema ni msuli upi wa jicho ulioguswa, na kwa milimita ngapi.

Kwanza niondoe hofu moja. Jicho halitolewi nje likarudishwa, ingawa kila siku tunaulizwa hivyo. Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha, nayo imeshikamana na sehemu nyeupe. Daktari hupasua utando mwembamba wa juu, akaufikia msuli, kisha ama anausogeza nyuma ili nguvu yake ipungue, ama anaufupisha ili ukaze, halafu anaushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Si jambo geni: Johann Friedrich Dieffenbach alilifanya Berlin mwaka 1839, miaka 7 kabla ya etha kuonyeshwa hadharani Boston kama dawa ya usingizi (maskini wagonjwa wake!). Leo mtoto hupigwa nusu kaputi, mtu mzima mara nyingine hutiwa ganzi tu, na wengi huruhusiwa siku hiyohiyo.

Kazi kubwa iko kwenye vipimo. Tunaziba jicho moja, tunahamia la pili, tunaweka kioo cha prizimu (kinachopindisha mwanga) mbele ya jicho na kukibadilisha mpaka jicho liache kuruka. Hapo ni kwa kutazama mbali. Bado karibu, bado kwa miwani na bila miwani, bado juu na chini. Mtoto akichoka unajikuta unawika kama jogoo ili atazame mbele japo sekunde mbili. Na kipimo kimoja hakitoshi. Kinarudiwa baada ya wiki au miezi, kuhakikisha kwamba kiasi cha upogo hakibadilikibadiliki, maana milimita za kusogeza au kufupisha msuli zinatokana na namba hizo. Sasa mtu anatua usiku, anapimwa asubuhi, kesho yake yuko mezani. Lipo kengeza la kwenda nje ambalo huja na kuondoka, na uchovu hulizidisha. Macho yaliyokesha kwenye ndege yatatoa namba gani?

Wapo pia ambao hawakuwa na haja ya kisu. Mtoto ambaye macho yake yanapinda kwenda ndani kwa sababu haoni vizuri karibu na anayalazimisha, mara nyingi miwani peke yake humnyoosha. Akipasuliwa kwa pupa, macho yanaweza kuja kupinda kwenda nje baadaye. Mwingine jicho lake limedhoofika kwa kutotumika. Huyo upasuaji utampanga macho lakini hautamrudishia uoni. Dawa yake ni miwani na kuzibwa lile jicho linaloona vizuri kwa saa kadhaa kila siku, tena mapema, kwa kuwa baada ya umri wa miaka 7 au 8 jambo hilo huzidi kuwa gumu. Hayo hayahitaji pasi ya kusafiria, yanahitaji mzazi mvumilivu.

Halafu kuna kengeza ambalo ni dalili tu. Mtoto akionyesha kengeza, na hasa mboni ikimeta nyeupe kwenye picha, achunguzwe nyuma ya jicho haraka, kwani saratani ya jicho ya watoto huanza hivyo. Mtu mzima aliyeanza ghafla kuona vitu viwiliviwili naye asianze kutafuta hospitali ya kupendezesha macho. Huenda ni kisukari, kiharusi au uvimbe kichwani.

Sisemi watu wasisafiri. Pale ambapo hakuna bingwa wa macho ya watoto, au jicho limekwisha kupasuliwa na likapinda tena, safari inaweza kuwa ndiyo njia. Ila upasuaji huu una tabia moja ambayo wanaouza safari za matibabu hawaitangazi: kurudia. Si wachache wanaohitaji upasuaji wa pili, na si lazima iwe kwa kosa la daktari. Ubongo una lake, msuli una lake, na jicho lililonyooka leo linaweza kusogea miaka ikipita.

Ndipo tunapoitafuta ile karatasi. Taarifa kamili ya upasuaji inasema ni jicho lipi, msuli upi, umesogezwa au umefupishwa milimita ngapi, kwa uzi gani, na vipimo vya kabla vilikuwaje. Mstari kama “msuli wa ndani, jicho la kulia, umerudishwa nyuma milimita 5” ni wa thamani kuliko ripoti ya kurasa nyingi yenye nembo ya dhahabu na maneno “upasuaji umefanikiwa”. Hizo za nembo tunaletewa sana. Bila milimita, daktari wa pili anafungua kovu akipapasa.

Jambo la pili ni nani atakupokea. Jicho kuwa jekundu wiki kadhaa ni kawaida, na kuona viwiliviwili siku za mwanzo si ajabu. Lakini maumivu yanayozidi, uvimbe, usaha au uoni kufifia ni dharura. Jicho likishindwa ghafla kugeukia upande mmoja, huenda msuli umeteleza kutoka uliposhonwa, na hapo huwezi kungoja viza. Matokeo yenyewe hupimwa vizuri baada ya wiki 6 hivi, wakati aliyekupasua yuko bara jingine. Kwa hiyo daktari wa nyumbani apatikane kabla ya safari, akupime, na akubali kukufuatilia ukirudi.

Waliokwisha kurudi mikono mitupu hawajachelewa. Hospitali iliyokupasua ina jalada lako. Waandikie, taja tarehe ya upasuaji na namba yako ya mgonjwa, uombe nakala ya maelezo ya chumba cha upasuaji, si barua ya kuruhusiwa. Ni karatasi mbili tofauti, na ukiomba kwa jumlajumla utatumiwa hiyo ya pili.

Muuguzi wa macho
(jina limehifadhiwa)