Namjibu yule mzazi: mpiga piano wa jazz anakula nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule mzazi aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba kijana wake kamaliza fomu siksi na badala ya kuhangaika na chuo anataka kusoma piano, tena ya jazz, alafu mzee akamalizia na swali lake moja kali, hivi mpiga jazz anakula nini? Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia, maana swali hilo hilo mama mkwe aliniuliza siku ya kujitambulisha, mbele ya wajomba wote, na mpaka leo sijamjibu vizuri.

Mimi ni mpiga kinanda. Ijumaa na Jumamosi nipo lobi ya hoteli moja hapa mjini, jina tuliache, Jumapili asubuhi nipo kanisani, katikati ya wiki nazunguka kufundisha watoto wa watu majumbani, na nusu yao hawataki, wanatakiwa na mama zao. Hotelini piano ipo, ya mbao kabisa, sio ya umeme, ila haijatyuniwa tangu meneja aliyeinunua aondoke, na kuna kibonye kimoja pale katikati ukikibonyeza kinazama hakirudi, kwaiyo nimezoea kukikwepa kama dereva anavyokwepa shimo la mtaa wake. Mpiga gitaa anabeba gitaa lake, wa saksafoni anabeba yake, sisi tunakuta. Unachokikuta ndo utapigia, na mteja hajui kama ubovu ni wa piano au ni wa kwako.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Najua kwa rika letu jazz ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ni Western Jazz, ni Nuta Jazz, yani magitaa, saksafoni na dansi mpaka asubuhi, piano haimo kabisa. Sisemi ile, ingawa naipenda kufa. Nasema jazz ya Wamarekani Weusi anayoitaka huyo kijana, na ili nisibishane hewani namchukua mpiga piano mmoja aliyeishi na kazi hiyo karibu miaka sabini, anaitwa Randy Weston. Mzee naomba umtafute kwenye simu ya mwanao.

Randy Weston kazaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Baba yake asili yake Panama na Jamaica, mtu wa Marcus Garvey, yule aliyehubiri Weusi waikumbuke Afrika, akimwambia mtoto kila siku kwamba wewe ni Mwafrika, umezaliwa tu huku. Huyo baba ndo aliyemlazimisha piano, tofauti na wewe unayemzuia wako. Dogo alikuwa mrefu vibaya, alikuja kufika kama mita mbili, ungemwona ungesema huyu ni wa mpira wa kikapu. Akaenda jeshini wakati wa vita kuu ya pili, akapelekwa hadi Okinawa, Japani, akarudi nyumbani akaanza kazi kwenye mgahawa wa familia. Unauliza anakula nini, huyu alikuwa anauza chakula chenyewe, wanamuziki wakubwa wa Brooklyn wanakuja hapo kula na kubishana mziki naye anawahudumia huku anasikiliza.

Alafu kuna Thelonious Monk, mpiga piano wa jazz wa New York. Weston alikuwa kijana tu alipomfuata nyumbani kwake, akauliza maswali, Monk mtu wa maneno machache, hakujibu kitu cha maana. Aliporudi siku nyingine Monk akakaa kwenye piano akampigia, masaa, bila hotuba. Ndo chuo hicho. Na usidhani huyo Monk alikuwa anaishi kwa raha, enzi zile New York ukitaka kupiga kwenye baa inayouza pombe lazima uwe na kadi ya polisi, wakikunyang'anya kadi umekwisha, na Monk alinyang'anywa mwaka 1951 akakaa mpaka 1957 bila kazi za klabu za mjini kwake. Miaka sita! Mtu anayetajwa leo kama mmoja wa wapiga piano wakubwa wa dunia, mke wake Nellie akifanya kazi kulisha nyumba. Kwaiyo mzee hofu yako ina msingi, sikudanganyi.

Weston mwenyewe alianzia kwenye bendi za rhythm and blues, za kuchezesha watu, kina Bull Moose Jackson. Miaka ya hamsini mwanzoni akakimbilia milimani Massachusetts, sehemu inaitwa Lenox, kwenye hoteli ya mapumziko, akafanya kazi za jikoni. Usiku watu wakilala anakaa kwenye piano. Wageni wakamsikia, wenye hoteli wakamsikia, na hapo hapo wakati wa kiangazi walikuwa wanakuja wasomi kufundisha historia ya jazz, akapata darasa la bure. Mwaka 1954 lebo ya Riverside, yani kampuni ya kurekodi, ikamrekodi, ana miaka 28, na hawakumpa nyimbo zake, wakampa nyimbo za mtunzi Cole Porter. Unaanza na cha mwenzio. Mimi hotelini bado nipo kwenye cha mwenzangu, lakini haya.

Nyimbo zake mwenyewe zilikuja baadaye, na hapa mzazi sikiliza vizuri maana ndo penye chakula. Alitunga Hi-Fly, kichekesho cha urefu wake mwenyewe, alitunga wimbo wa mwanae Niles na mwingine wa binti yake Pamela. Hi-Fly ikapigwa na wengine, mpiga saksafoni Cannonball Adderley kwa mfano, na ikawa wimbo ambao mpiga jazz popote duniani anategemewa aujue. Shoo unalipwa mara moja unakula inaisha, wimbo ukiwa na jina lako na haki yako hujauza kwa laki mbili kwa mtu wa studio, mirabaha, yani malipo ya haki ya wimbo, inaingia hata ukiwa umelala na malaria. Mi nimetunga nyimbo nne tu maishani, mbili kati ya hizo nilimuuzia mtu moja kwa moja ili nilipe kodi ya nyumba, na nazisikia kwenye harusi za watu.

Sasa kitu kilichonifanya nimpende huyu mtu. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Weston akaamua kutengeneza kazi kubwa, na akasema lazima iwe na lugha ya Kiafrika ndani. Akachagua Kiswahili. Albamu inaitwa Uhuru Afrika, imerekodiwa New York Novemba 1960, maneno ya mshairi Langston Hughes, na anayelisoma shairi kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, wazee wenzangu mtamkumbuka baadaye kwenye siasa. Vipande vyake vina majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Humo ndani wapo wapigaji wakubwa, Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, Babatunde Olatunji wa Nigeria na ngoma zake, mziki wote umepangwa na mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Hebu piga hesabu, Novemba 1960, sisi bendera yetu imepanda Desemba 1961. Yani neno uhuru kwa Kiswahili chetu lilikuwa limesharekodiwa studio New York na hao majitu zaidi ya mwaka mzima kabla, na makaburu wa Afrika Kusini walipoiona hiyo albamu wakaipiga marufuku, 1964. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimevaa hedifoni kwenye chumba cha rafiki Kariakoo, nikasikia Kiswahili kinatoka, nikavua hedifoni nikaangalia dirishani nikidhani ni redio ya jirani. Na sijawahi kuisikia redio yoyote hapa, hata siku ya tarehe tisa Desemba tunapigiwa zile zile tu. Wahusika wa redio mkisoma hii barua mjue hiyo albamu ipo.

Nirudi kwenye chakula. Je, hiyo albamu ilimtajirisha? Wapi. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ikampeleka ziara ya Afrika Magharibi na Kaskazini na bendi yake, ziara ikaishia Morocco, yeye akaamua kuhamia huko huko na watoto. Wenzake wanagombania klabu za New York, yeye yupo Tanger, amefungua klabu yake, anajifunza kwa Wagnawa, wale wazao wa watumwa waliovushwa jangwa, wanapiga gimbri, chombo chao cha nyuzi, na vyuma na kupandisha mizimu usiku kucha, ukiwaona utakumbuka vitu vya kwetu. Mwaka 1972 akaandaa tamasha kubwa kule, likamla hela vibaya, madeni. Mwaka huo huo akarekodi kwa kampuni ya CTI albamu ya Blue Moses, wakamkalisha kwenye piano ya umeme asiyoitaka na kumwekea mapambo ambayo hakuyaomba, na mzee unajua nini, ndo ikauza kuliko zote. Mpaka leo nikiwa lobi napiga wimbo wa sinema ambao meneja anaupenda, nakumbuka Blue Moses, nanyamaza naendelea.

Baada ya hapo akakaa miaka mingi huko Ulaya, Ufaransa zaidi, anapiga peke yake, anarekodi lebo ndogo ndogo, Marekani kwao wakawa kama wamemsahau. Alirudi juu akiwa ameshavuka sitini! Ile albamu kubwa ya The Spirits of Our Ancestors ameirekodi 1991, na Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta maarufu, kaja kupiga humo, na mpangaji ni Melba Liston yule yule, ambaye mwaka 1985 alipata kiharusi upande mmoja ukalala, hawezi tena kushika tromboni, Weston akamfuata wakapanga mziki kwa kompyuta. Hapo huwa natulia kidogo. Tuzo ya juu ya serikali ya Marekani kwa wanamuziki wa jazz alipewa 2001, makaratasi yake na rekodi zake zikanunuliwa na chuo cha Harvard 2016, na alipofariki nyumbani kwake Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92, bado alikuwa anapanda jukwaani.

Kwaiyo mzazi mwenzangu sikuambii umruhusu wala umkataze, mwanao ni wako. Ila usimuulize kama atakuwa tajiri, muulize kama yupo tayari kuosha vyombo mahali ambapo kuna piano. Msikilize asubuhi anapofanya mazoezi ya vidole, yale ya kuchosha yasiyo na wimbo, kama anayafanya bila kutumwa huyo usishindane naye. Mfundishe kupika, mtafutie mwalimu wa kusoma nota na sio wa YouTube peke yake, na siku akileta karatasi ya mkataba isome wewe kabla hajasaini. Kama mpo Dar mlete Jumamosi saa mbili usiku niongee naye wakati wa mapumziko, Mhariri anayo namba yangu. Nitamwachia apige nyimbo mbili. Mwambie tu mapema kuhusu kile kibonye.

Mpiga kinanda wa lobi,
Ilala, Dar es Salaam