Kwa wanangu mnaosomea udaktari wa familia

Wanangu,

Nawasalimu, mimi bibi yenu niliyestaafu uuguzi baada ya miaka 34 huku Pwani. Mtanisamehe nikianza kwa hasira.

Juzi jirani yangu alianguka jikoni, jasho likimchuruzika, maneno yakimpotea. Wanawe wakapiga kelele za kiharusi. Nikampima: sukari 2.1, imeshuka mno. Kwa bahati alikuwa bado anameza, tukamnywesha maji ya sukari, akarudi. Nikamwambia alete dawa zake. Akaja na kikapu cha ukili, nikakimwaga kitandani. Pakiti tatu, rangi tatu, majina matatu ya kampuni. Nikavaa miwani nikasoma yale maandishi madogo ya chini: zote glibenklamaidi, dawa ile ile ya kushusha sukari! Moja ya kliniki ya sukari, moja ya hospitali alikokwenda kwa presha, moja ya duka la dawa. Naye, mtu mtiifu, alizimeza zote. Mwezi ule alikuwa ameonwa na watu wanne wenye koti jeupe. Kila mmoja alitibu kiungo chake. Mwenye viungo hakuulizwa na mtu.

Sasa niambieni, kazi ya kumwaga kikapu ni ya nani? Ni yenu. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha wenzenu mwaka 2005, na bado nawakuta mmewekwa kuziba zamu za kasualti, idara ya dharura, mkiulizwa fani yenu mnajibu kwa sauti ya chini, kana kwamba mmeshindwa mtihani. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba, wengi wao wa familia. Wageni tuliwapokea kwa shangwe kwa kazi ile ile tunayowadharau kwayo watoto wetu. Aibu hiyo ni yetu wazee na wakubwa wa kaunti, si yenu.

Mpango upo. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao: hospitali moja, zahanati na vituo vya afya vikiizunguka, nanyi mkitarajiwa kuongoza timu. Lakini ukiongoza mtandao kutoka kwenye kiti cha ofisini utaongoza makaratasi. Shukeni zahanatini. Mjueni kwa jina mhudumu wa afya ya jamii wa kila kijiji. Yule ana kipima sukari mkobani na anajua nani amelala njaa.

Mengine kwa ufupi. Barua ya rufaa isomeke. Anayerudi kutoka rufaa, mfuatilieni. Ulizeni nani anapika nyumbani, na nani anashika pesa. Mgonjwa akikutajia mitishamba usikunje uso, hatakutajia tena.

Nimewapenda tangu mlipokuja wodini na viatu vipya vinavyowabana, ndiyo maana nawagombeza.

Yule jirani kliniki yake ni Jumanne. Nimemwambia aje na kikapu chote.

Bibi yenu