Nguo ya Ofisini Huamuliwa Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa

Malalamiko yamezidi siku hizi na mengi yana sura moja: "Fundi, nimevaa nguo yako kazini nimeambiwa haifai." La karibuni ni la dada mmoja aliyepata ajira halmashauri. Alikuja na gauni kwenye mfuko, akaliweka juu ya meza ya kukatia na kudai arudishiwe pesa yake. Siku ya kuripoti, mlinzi wa getini alimwonyesha bango la mavazi lililobandikwa ukutani, akamwambia arudi nyumbani akabadilishe. Aliona tumemdhulumu. Kwa maneno yake, "ninyi ndio mnajua mambo ya nguo, mngenikataza."

Daftari letu la oda halifichwi. Kwenye ukurasa wake umeandikwa urefu tuliopima kutoka begani hadi chini kidogo ya goti, inchi 41. Pembeni kuna 36 kwa kalamu nyekundu, maneno "mteja ametaka", na sahihi yake. Kwenye hipsi tulimwachia inchi mbili, akaomba zitolewe ili gauni limkae kama lile la kwenye picha ya simu yake. Tulimwambia haitafaa kazini, akatujibu kwamba hata huyo wa kwenye picha anafanya kazi ofisini. Pesa hatukurudisha, na nataka nieleze sababu, maana huu ni msimu wa ajira mpya na wa wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo, na wengi watapita njia hiyohiyo.

Mteja akisema "nishonee nguo ya kazini", swali letu la kwanza ni kazi gani na wapi. Wengine hukasirika, wanaona tunawachunguza. Lakini bila jibu hilo hatuwezi kukata. Ukiingia ofisi ya serikali Tanzania, upo chini ya Waraka wa Utumishi Namba 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi, na mabango yanayobandikwa kwenye mageti na mapokezi yanatokana na huo. Nguo fupi, zinazobana, zinazoonyesha maungo, kaptula, jinzi, fulana, vyote havipiti. Na hili si la watumishi wa chini tu. Mwezi Juni 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbi wa Bunge Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa, na nchi nzima ikabishana kama ilistahili. Wiki hiyo wateja wetu wa kike hawakuacha kuuliza suruali ipi inaruhusiwa. Kenya nako, mwishoni mwa 2023 Spika wa Bunge la Taifa alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ilhali Rais wao mwenyewe huzivaa. Nguo hiyohiyo ni heshima mlango mmoja na kosa mlango wa pili, na fundi hawezi kukisia unaingia mlango upi.

Wakili anayekwenda mahakamani anahitaji suti nyeusi au ya rangi nzito na shati jeupe ambalo kola yake itakubali zile tai nyeupe mbili zinazoning'inia shingoni, na koti lisiwe na mabega yaliyojazwa sana kwa sababu juu yake kuna joho. Mtu wa shirika lisilo la kiserikali anayeshinda vijijini anavaa kadeti na shati la kola, suti ataitumia mara chache kwa mwaka. Benki nyingi zina sare, kwa hiyo hapo kazi yetu ni kurekebisha tu.

Mwalimu ni habari nyingine kabisa. Anasimama kutwa na mkono uko juu ubaoni. Blauzi iliyokatwa kwapa kubwa inapanda yote anapoinua mkono, na kiuno kinabaki wazi mbele ya darasa. Kwa mwalimu tunakata kwapa juu zaidi na kuongeza urefu wa blauzi chini, na wakati wa kupima tunamwambia ainue mkono kama anaandika tarehe. Kuna mama mmoja wa sekondari aliyekuja na blauzi nzuri sana ya dukani, ya bei kubwa, akilalamika kwamba kila siku anafundisha huku mkono mmoja unavuta nguo chini. Ile blauzi haikuwa na ubaya wowote, ila ilishonwa kwa mtu wa kukaa mezani.

Hapo ndipo ugomvi wetu na wateja unapoanzia. Watu wanachagua nguo ya kazi wakiwa wamesimama mbele ya kioo, tumbo wamelivuta ndani. Kazini husimami hivyo. Unakaa saa nane, unainama kuchukua faili, unapanda mwendokasi ukiwa umeshika bomba la juu, au unakaa bodaboda upande upande kwa sababu sketi haikuruhusu kupanua miguu, jambo la hatari kweli. Mtu akikaa, hipsi na mapaja yanatanuka. Ndiyo maana chumba chetu cha kupimia kina kiti. Tunapima hipsi umesimama, tunapima tena umekaa, na sketi tunaikata kwa kipimo cha kukaa. Sketi inayoishia chini ya goti ukiwa umesimama hupanda ukikaa, na ikiwa imebana hupanda zaidi kwa sababu haina pa kwenda. Mpasuo wa nyuma nao tunausimamisha chini ya kunjo la goti na kuushona mara mbili pale juu, kwa kuwa hapo ndipo panapochanika mtu anapopanda ngazi ya daladala.

Shati la kike lina tatizo lake, lile la kufumbuka kati ya vifungo mpaka jirani wa mezani anaona ndani. Wateja hudhani dawa ni kuvaa saizi kubwa, halafu mabega yanaanguka. Sisi tunaanza na kifungo kimoja, kile kinachokaa sawasawa na sehemu ya kifua iliyojaa kuliko zote, kisha vingine vyote tunavipanga kutoka hapo kwenda juu na chini. Ni kazi ya kupima, haichukui kitambaa zaidi, lakini lazima uje mwenyewe. Ukimtuma mdogo wako na shati la zamani "lichukuliwe vipimo", hatuwezi kujua kifungo kikae wapi.

Sasa nije kwenye njia ya mkato inayopendwa kuliko zote, ambayo ni suti ya mtumba. Sina vita na mtumba. Yapo makoti soko la Karume yenye kitambaa ambacho madukani Kariakoo hukipati kirahisi. Shida ni mtu anayenunua koti kubwa kwa vile kitambaa kimempendeza, akijiambia fundi atapunguza. Mikono inapunguzika. Mbavuni panapunguzika. Kiuno na mguu wa suruali hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Bega halipunguziki kwa bei ya kupunguza. Ili bega lirudi ndani hata inchi moja, inabidi tufumue mkono wote, tutoe bitana, yaani kitambaa cha ndani, tutoe pedi za begani, tukate bega na kwapa upya, kisha turudishe kila kitu na mkono uanguke bila mkunjo. Huko ni kushona koti mara ya pili, tena kwenye kitambaa chenye alama za sindano za zamani.

Kijana mmoja alipata usaili Dodoma, akanunua suti ya mtumba kwa 45,000. Bega lilimzidi kwa kiasi kikubwa. Tulimwambia bei ya kurekebisha bega ni 60,000 na kwamba hatushauri. Akaona tunamkomoa, akaenda kwa fundi mwingine aliyekubali 20,000. Yule fundi alikunja bega kwa ndani bila kufumua mkono. Siku mbili kabla ya usaili suti ilirudi kwetu na uvimbe juu ya kila bega na mikono imejiviringisha kwa nyuma. Hapakuwa na la kuokoa kwenye koti. Tukamshonea suruali mpya na shati jeupe, tai akaazima, akaenda bila koti. Jumlisha alichotumia, nauli za kwenda na kurudi zikiwemo, uone kama hakukaribia suruali na koti vya kushonwa kwa kipimo chake. Kwa hiyo ukienda mtumbani, vaa koti, shusha mikono, kisha gusa ulipo mshono wa bega. Mshono ukiwa umepita mfupa wa bega lako, rudisha koti hilo hata kama wanakupunguzia bei. Likikaa vizuri begani, chukua, mengine tutayamaliza.

Halafu kuna hili la bei. "Jirani yenu anashona sketi kwa 15,000, ninyi 30,000, mna dhahabu?" Naomba uigeuze hiyo sketi ndani nje, uangalie. Yetu ina bitana, bila hiyo sketi hunata miguuni na ukipita mbele ya dirisha mwanga unaonyesha miguu yote. Kingo zote zimepigwa ovaloki. Kwenye mshono wa nyuma na wa pembeni tumeacha akiba, yaani kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ya inchi moja kila upande, na kwenye suruali ya kiume tunaacha inchi moja na nusu nyuma ya kiuno. Fundi wa bei ndogo anabana akiba ili kipande kinachobaki kimtoshe kitu kingine, au anakata tu kwa haraka. Wewe huioni siku ya kuchukua nguo. Utaiona ukinenepa kidogo au ukiwa na ujauzito wa miezi ya mwanzo, ukaambiwa haina pa kuachia. Mteja wetu mmoja wa mapokezi, sketi zake tumeziachia mara kadhaa kwa miaka na bado anazivaa. Kila kuachia ni 5,000.

Kingine kilichomo kwenye hiyo 30,000 ni pasi. Kila mshono unapigwa pasi ukishashonwa kabla haujaunganishwa na mwingine. Nguo ambayo mishono yake haikupigwa pasi ndani utaijua hata kwa mbali, inavimbavimba kiunoni na pindo haliangukii sawa. Na kabla ya yote, kitenge na kitambaa chochote cha pamba tunakiloweka, tunakianika na kukipiga pasi kabla ya kukata. Unapotuambia "fundi nataka kesho", unatuomba turuke hatua hiyo, kisha gauni lako la Ijumaa litafuliwa mara moja lisinyae, lipande juu ya goti, na utakuja kutuuliza mbona limekuwa fupi. Oda za kesho za kitenge kipya hatupokei, hata ukiongeza pesa.

Kuhusu kitambaa, usikubali tu neno la muuzaji kwamba "hiki ndicho cha ofisini". Kifinye ndani ya ngumi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, uachie. Kikibaki na mikunjo mirefu, saa nne asubuhi utaonekana umelala nacho. Kiinue kwenye mwanga uone kiganja chako upande wa pili, na kama unahesabu vidole, hicho si cha suruali wala sketi bila bitana nzito. Polista tupu ni rahisi na hailegei, lakini kwa joto la Dar inashika jasho, na ukiipiga pasi kali bila kuweka kitambaa chenye unyevu juu yake inang'aa makalioni na magotini, na mng'ao huo hautoki tena. Wateja wengi wa suruali nyeusi wanaosema "imechakaa mapema" wameichoma kwa pasi nyumbani. Rangi nazo, mtu anayeanza kazi na ana bajeti ya nguo chache, nyeusi, bluu nzito na kijivu zitamfaa kuliko kahawia, kwa kuwa zinachanganyika na mashati yote na hazipitwi na wakati haraka.

Dada zetu wanaovaa hijabu na baibui, tafadhali njoo na viatu utakavyovaa kazini. Pindo linalofagia sakafu linachafuka siku ya kwanza na kunaswa kwenye ngazi au magurudumu ya kiti cha ofisini. Tunalisimamisha kwenye kifundo cha mguu ukiwa na kiatu, na mkono tunauwekea kifungo ili ukiinua simu usiteleze hadi kwenye kiwiko.

Ukija kushona nguo ya kazi, njoo angalau wiki mbili kabla ya kuripoti. Kama umepewa barua au mwongozo wa mavazi, uje nao, au piga picha bango la getini kwenu. Vaa nguo za ndani unazovaa kazini, maana kipimo cha kifua hubadilika, na leta viatu. Siku ya kupima mara ya kwanza, nguo ikiwa imeshikizwa kwa mkono tu, kaa, inama, inua mikono, na useme pale panapokubana. Hapo kurekebisha ni bure na hatuchoki. Baada ya kuichukua, marekebisho ya makosa yetu hatutozi chochote ndani ya mwezi mmoja. Kipimo ulichokibadilisha mwenyewe na kukisaini daftarini kinatozwa kama kazi mpya, na kama akiba ipo ndani, gauni litaachiwa au pindo litateremshwa, ukasubiri huku umekaa.