Kile kimkasi mnachochora pembeni ya chemshabongo

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi pokea salamu tu.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni kushona, nashonea nyumbani, na siyo kushona kwa kupoteza muda jamani, nashona nguo za watu na zina tarehe za kuchukuliwa, halafu nikipata nafasi nafuma na kutunga shanga. Miaka yote nilikuwa nafanyia kwenye meza ya kulia chakula, jioni nafungasha kila kitu kwenye beseni ili watu wale, asubuhi naanza upya kutafuta bobini iko wapi. Sasa nilipopata chumba changu mwenyewe, cha kazi tu, nikajua basi, shida zimekwisha. Aisee.

Nilijiandaa kwa mgongo na macho maana hayo fundi yeyote atakutajia. Meza ilikuwa na kimo cha sentimita 75, ukikaa iko sawa ila ukisimama kukata kitambaa unapinda kama ndoano, nikaiwekea vipande vya mbao chini ya miguu mpaka ikafika kama 90 na mgongo ukatulia. Macho nayo yalinipa somo: usiku mmoja nimemaliza pindo la gauni jeusi, nimelitundika, nimelala na raha zangu, asubuhi nafungua dirisha nakuta nimeshonea uzi wa nevi bluu kuzunguka lote, taa yangu ni ile ya mwanga wa manjano na chini yake hizo rangi mbili ni mapacha. Hilo ni kosa langu, nimebadili taa, na uzi siku hizi nachagua mchana dirishani.

Ambayo sikuyategemea ni haya ya watu. Kwanza chumba chenyewe kiligeuka stoo kabla hata sijamaliza kupanga vitambaa, maana kila kitu kisicho na kwao humu ndani utasikia "peleka kule kwa mama kwenye kushonea", basi nashona nikiwa nimepakana na feni isiyozunguka na baiskeli ya mtoto haina gurudumu la mbele. Pili hodi hakuna. Ningekuwa natoka asubuhi na mkoba wangu hakuna ambaye angenifuata mpaka kazini kuniuliza chaja iko wapi, ila kwa kuwa nipo hapo hapo mlangoni, eti "nimeona umekaa tu". Mtu anahesabu vishono vya kufuma, amefika 147, wewe unamuuliza chaja! Naanza moja.

Halafu kuna ile siku mlango ulisukumwa kwa nguvu ukagonga trei ya shanga, zile ndogo za namba 11 ambazo kipenyo chake ni kama milimita 2, hebu fikiria mwenyewe zilivyotawanyika. Pini zikimwagika unapitisha sumaku zinakuja zenyewe, lakini shanga za kioo sumaku itazifanya nini, nilitambaa na tochi nimeilaza sakafuni ili kila shanga itoe kivuli, na mpaka leo zinatokea kwenye soksi.

Ila yote hayo nisingekuandikia. Nimekuandikia kwa sababu ya mkasi.

Mkasi wa kitambaa, Mhariri, haukati karatasi. Siyo roho mbaya, karatasi inatiwa chokaa na udongo mweupe ili iwe laini na nyeupe, na vile vichembe vinasaga makali kidogo kidogo, kwa macho huoni kitu. Utaona siku ukiutia kwenye satini. Mi niliona. Nilikuwa nakata sketi, mkasi unateleza vizuri kabisa, kufika katikati kitambaa kikajikunja kikaingia baina ya zile bapa mbili kama kinatafunwa, nikautoa nikakuta ukingo umechanika meno meno na nyuzi zinaning'inia, na hicho kitambaa siyo changu, ni cha mteja.

Nikaanza upelelezi. Watoto wakakana, mume wangu akakana, tena kwa hasira. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na tunaishi vizuri sana, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi nakata kile kichemshabongo tu, mara moja kwa wiki." Kumbe anazitunza zote kwenye bahasha. Za gazeti lako.

Nikamnunulia mkasi wake, akasema huo haukati vizuri kama ule wangu (naam, ndiyo maana nauficha). Nikauficha kwenye droo, akaupata. Nikaufunga kitambaa chekundu kwenye mpini kama alama ya hatari, akanisifu kwamba sasa unaonekana kwa urahisi. Kumwambia kwa ukali siwezi, yule ni mama, na isitoshe alinijibu jambo ambalo sikuwa na la kusema, akanionyesha ukurasa wenu: pembeni ya chemshabongo mmechora vistari vya nukta nukta na kimkasi kidogo kimefungua mdomo. "Si wenyewe wameandika kata?"

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, halina gharama kwenu. Hicho kimkasi kifuteni. Vile vistari viacheni, ila chora vidole viwili vinachana, au chora rula, maana ukikunja karatasi vizuri ukaweka rula inachanika imenyooka kabisa, nimemwonyesha mama ameona, ila anasema mpaka gazeti liseme.

Ni mimi fundi wa nyumbani, mkasi uko kwa mnoaji.